Loveness Amesema Nile

Kwa miezi mitatu Paskazia alimwomba Mungu mume wake aseme neno. Siku aliposema, neno lenyewe likawa jina la mwanamke.

"Loveness amesema nile," Nkwabi alisema, akavuta sahani ya ugali na mlenda, akala mpaka akaisafisha kwa kidole.

Paskazia akabaki ameshika mwiko juu juu kama mtu anayetaka kupiga kuku. Tangu siku duara, shimo lao la dhahabu, lilipoporomoka likamwangukia Nkwabi na kumfukia kabisa mshirika wake Sostenes, alikuwa amembembeleza mume huyu kwa uji wa karanga, kwa supu ya kuku wa kienyeji, kwa machozi, na siku nyingine kwa matusi. Alichoambulia ni kutikisiwa kichwa. Leo kuna mtu amesema mara moja tu, na sahani haihitaji hata kuoshwa.

"Loveness ndiye nani?"

"Wa kituo cha afya."

"Anafanya nini huko? Anafagia?"

"Naongea naye," Nkwabi akajibu, akainuka kwenda kukalia ndoo yake uani.

Paskazia aliishia darasa la saba, lakini neno love alikuwa analifahamu. Lilikuwa limeandikwa nyuma ya malori, kwenye fulana za mitumba, na kwenye foronya aliyotumiwa na dada yake wa Kahama siku ya harusi. Mwanamke aliyebatizwa Loveness anayo mapenzi tangu kwenye cheti cha kanisa. Ya nini tena kuyafuata kwa mume wa mtu?

*

Wala si kwamba hawakuhangaika. Kwanza walikwenda kwa nfumu, yaani mganga, kwa sababu Limi, dada mkubwa wa Nkwabi, alisema marehemu Sostenes ana njaa. Nfumu akakubali kwamba marehemu ana njaa, na kwamba anapenda kondoo mweupe, dume. Kondoo akachinjwa. Nkwabi hakupona, ila nfumu alinenepa kidogo.

Wakaenda kwa mchungaji. Mchungaji alikuwa mtu mwema na mwenye mikono mizito. Alipomwekea Nkwabi mikono kichwani na kukandamiza ili pepo atoke, Nkwabi alipiga ukelele akatoka mbio, akaruka mabenchi matatu, na waumini wakashangilia wakidhani pepo ndiye anayekimbia. Hakuna aliyefikiria kwamba mtu aliyeangukiwa na udongo hapendi kitu kizito juu ya kichwa.

Ndipo wakaelekezwa kituo cha afya, kwa kijana mmoja aitwaye Herman, aliyetoka chuo na suruali ya kubana, aliyesomea mambo ya akili za watu. Herman hakuwa mbaya. Kosa lake lilikuwa malezi mazuri. Nkwabi alipoingia tu, kijana akainuka, akainamisha kichwa, akasema shikamoo mzee. Nkwabi akaitika marahaba, na hapo tiba ikaisha. Mtu uliyemwitikia marahaba utamlilia vipi? Kila alipoulizwa anajisikiaje alijibu salama, mwanangu. Wakakaa saa nzima. Alipotoka, ilikuwa ni Nkwabi aliyemshauri Herman asiharakishe kuoa.

Nyumbani nako mambo yakawa yale yale. Nkwabi hakutaka mlango ufungwe. Akifungiwa alihema kama mtu aliyebeba gunia, kwa hiyo mlango ulikaa wazi na mbuzi wa jirani wakajua njia ya kwenda kwenye debe la mahindi. Lori likipita barabarani alishika ukuta. Limi akatoa amri kwamba katika nyumba ile mtu asitaje duara, wala Sostenes, wala koleo. Paskazia aliitii amri hiyo kama amri ya kumi na moja. Hata mtoto wao Eliya, alipotaka kuchora duara kwenye daftari la hesabu, alimwambia mama yake anachora kile kitu cha mviringo.

Sasa baada ya kuuma ulimi miezi mitatu, anatokea mtu mwingine kuvuna.

*

Aligundua kwenye bomba la maji. Alifika na ndoo yake, foleni ikiwa ndefu, na wanawake wakampisha. Walisogeza ndoo zao pembeni mmoja mmoja, wakamwachia nafasi ya mbele, na Paskazia akajua kuna jambo, kwa sababu kwenye bomba lile hata mjamzito wa miezi tisa hupishwa kwa masharti.

"Teka tu, mama Eliya," Rhoda akamwambia kwa sauti ya msibani. "Siku hizi dawa zipo. Watu wanameza, wananenepa, wanazika hata wale waliokuwa wanawacheka."

"Dawa za nini?"

Rhoda aliuza maandazi langoni mwa kituo cha afya, na macho yake hayakuwa na likizo. Akaeleza, kwa huruma iliyosikika mpaka ndoo ya mwisho, kwamba amemwona baba Eliya Alhamisi tatu mfululizo amekaa kwenye benchi la chumba namba tisa. Na chumba namba tisa juu ya mlango wake kimeandikwa USHAURI NASAHA.

Na nani asiyejua ushauri nasaha? Tangu miaka ile watu walipoanza kuhimizwa kupima, maneno hayo mawili huku hayakuwa na maana nyingine. Umepimwa, umekutwa nao, sasa unafundishwa kuishi nao. Mtu akisema anakwenda ushauri nasaha, watu hawamuulizi anaumwa nini. Wanamuuliza ameupatia wapi.

Paskazia alirudi na ndoo kichwani bila kumwaga tone, kwa hasira. Shati la Nkwabi lilikuwa kwenye kamba. Mfukoni akakuta kadi ngumu, imeandikwa kwa mwandiko mzuri wa kike: Nkwabi. Ushauri nasaha. Alhamisi, saa nne.

Kesho yake asubuhi akajifunga kanga mbili akaenda kupima. Alikaa akingoja majibu huku akipanga: watoto ataacha kwa nani, matobolwa ya viazi vitamu yaliyoanikwa darini atauza lini, na Nkwabi atamwambia nini kwanza, kabla au baada ya kumpiga kwa kigoda. Nesi akaja akamwambia hana kitu, yuko salama, arudi baada ya miezi mitatu kuhakikisha. Na alipouliza kuhusu chumba namba tisa nesi akacheka, akasema kile ni cha kuongea tu, watu wa kila aina huingia mle, wenye virusi na wenye mawazo, maana chumba ni kimoja na kibao ni cha zamani.

Furaha ya Paskazia ilimfikisha mpaka langoni. Hapo ikamwacha. Angekuwa na ugonjwa, ungekuwa wa wote wawili, wangeumeza pamoja asubuhi na jioni. Maneno yalikuwa ya mmoja, na alikuwa anayapeleka kwa mtu mwingine.

Akageuza, akarudi mpaka chumba namba tisa, akaingia bila hodi.

*

Alikuwa amejiandaa kukutana na mrembo. Angekuwa mrembo, Paskazia angejua pa kuanzia. Alichokuta ni mwanamke wa makamo kama yeye, mnene, jino moja la mbele limevunjika, kandambili zimeshonwa kwa waya, anakunywa chai kwenye kikombe cha plastiki. Roho ikamuuma mara mbili. Mume akiibwa na mrembo watu wanakupa pole. Akiibwa na huyu watasema nini?

"Karibu, dada," Loveness akasema.

"Dada wa nani?"

"Basi karibu, mama Eliya."

"Umenijuaje?"

"Umekunja uso kama alivyosema," Loveness akajibu, akamsogezea kiti.

Paskazia hakukaa. Akakaa. Akauliza kwa sauti ya chini, ile ya hatari, kwamba huwa anamfanya nini mume wake humo ndani. Loveness akasema anamsikiliza. Anasema nini, Paskazia akauliza. Loveness akasema hilo ni la Nkwabi mwenyewe, akitaka atamwambia, yeye amekula kiapo.

"Mimi ni mke wake. Nimemzalia watoto wanne."

"Najua. Anawataja kwa majina."

"Mimi ananitaja kwa lipi?"

"Siwezi kukwambia, mama Eliya."

Hapo ndipo wivu ulipomwingia. Kumbe humu ndani yupo Paskazia mwingine, anasimuliwa kila Alhamisi saa nne, na yeye mwenyewe haruhusiwi kumwona.

Loveness akaiona ile sura. Akasema la Nkwabi hawezi kulisema, lakini la kwake mwenyewe anaweza. Yeye alikulia machimboni Bugarama akiponda mawe ya dhahabu na mama yake, kabla hajasoma. Nkwabi alipoelekezwa kwake na Herman, siku ya kwanza yeye Loveness hakumwamkia wala hakumuuliza anajisikiaje. Alimuuliza lile duara lilikuwa na futi ngapi.

"Basi?"

"Basi. Akanijibu futi mia na arobaini. Halafu akaniambia matimba, yale magogo ya kuzuia kuta, yalikuwa ya mti gani. Halafu hakunyamaza tena."

Paskazia akatoka bila kuaga. Neno lile lile alilozuiwa kulitamka nyumbani kwake, mwenzake amelitumia kama ufunguo.

*

Jioni hiyo alikaa juu ya kinu, mkabala na ndoo ya Nkwabi, akakohoa, akauliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi:

"Hivi lile duara lenu, lilikuwa na futi ngapi?"

Nkwabi alimtazama kama mtu aliyekuta mgeni amevaa shati lake.

"Umekwenda kwa Loveness."

"Nilikwenda kupima."

"Umekwenda kunichungulia."

Akainuka. Sahani ya wali haikuguswa, na mbuzi wa jirani wakamshukuru Mungu wao.

Paskazia akakaa na lile swali lake lililokataliwa. Kwa Loveness lilifungua mtu mzima, kwake limemfunga. Alihisi kama mtu aliyeazima dawa ya jirani akaota vipele. Na Jumatano, wakati Nkwabi anapiga pasi shati la Alhamisi, shati ambalo hakuwahi kulipigia pasi hata kwa ajili ya kanisa, alisikia mdomo wake ukisema kitu ambacho kichwa chake hakijapitisha.

"Usihangaike. Yule Loveness wako amehamishwa."

Pasi ikasimama. "Amehamishwa wapi?"

"Geita. Rhoda kaniambia."

"Hakuaga?"

"Mtumishi wa serikali anaaga nani?"

Nkwabi akaliangalia shati, akalikunja vizuri, akalirudisha kwenye sanduku. Na Paskazia, Mungu amsamehe, alifurahi siku mbili nzima. Alisuka nywele. Alipika samaki wa nazi, nazi iliyotoka pwani kwa bei ya kuringia. Akamwekea mumewe mbele, akakaa karibu naye, akasema kwa utani uliokuwa si utani:

"Paskazia amesema ule."

Nkwabi akachukua kijiko. Akakishika. Akakirudisha mahali pake taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Simu ya Nkwabi siku hizo ilikaa kwenye upindo wa kanga ya mkewe, kwa kuwa mwenyewe hakuitaka. Alhamisi ile iliita. Ikaandika herufi moja, L. Paskazia akaitazama ikilia mpaka ikachoka. Ijumaa ikaita tena. Jumatatu ikaita mara mbili, naye akaifunika kwa ungo, kana kwamba aliyepiga angeweza kumwona.

*

Alhamisi ya pili, kabla ya saa sita mchana, Limi aliingia uani akihema, kanga imemvuka bega. Limi yule aliyetoa amri ya kutotaja duara ndiye aliyeivunja.

"Wifi, mdogo wangu yuko kwenye duara. Wachimbaji wamenipigia. Amekaa tangu alfajiri, hataki kuondoka."

Ilikuwa mwendo wa saa nzima. Paskazia aliukimbia, yeye na uzito wake na kandambili moja, nyingine ikabaki kwenye shamba la pamba la watu. Njiani hakumwomba Mungu chochote. Alikuwa na haya.

Duara lilikuwa limezibwa kwa kifusi, na juu yake majani mabichi yameanza kuota. Nkwabi alikuwa amelala kifudifudi, sikio chini, uso mwekundu kwa vumbi. Wachimbaji wawili walisimama mbali, kofia mikononi, kwa kuwa hakuna anayejua la kufanya na mtu anayesikiliza ardhi.

Paskazia akapiga magoti.

"Baba Eliya."

"Alikuwa anagonga," Nkwabi akasema bila kuinua kichwa. "Sostenes. Alikuwa anagonga matimba kwa nyundo. Siku nzima ile na kesho yake asubuhi."

"Hukuniambia."

"Ningekwambia lini? Nyumba nzima hamtaki hata kusikia jina la duara."

Paskazia akamtazama mume wake alivyojibana na ardhi, akaona kwamba siku chache zaidi za ule wivu wake zingempeleka chini kabisa, na hapangekuwa na haja ya kifusi.

"Loveness hajahamishwa," akasema.

Nkwabi akainua kichwa.

"Nilikudanganya. Yupo chumba kile kile. Amepiga simu mara nne, nikaifunika."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu unaongea naye." Akapiga kifusi kwa kiganja. "Miaka kumi na sita nakufulia, nakupikia, nalala na mlango wazi na mbuzi wa watu wananilamba miguu. Anakuja mwanamke mwenye jino nusu, unampa maneno yote. Mimi unanipa kichwa tu, unatikisa. Kwa nini yeye?"

Nkwabi akakaa. Akajipangusa vumbi usoni, likazidi kuenea. Alijibu kama mtu anayehesabu matimba, moja moja, ili paa lisimwangukie.

"Yeye akinidharau, narudi nyumbani. Wewe ukinidharau, mama Eliya, narudi wapi?"

"Nikudharau kwa lipi?"

Akafungua mdomo. Akaufunga. Paskazia akaliona lile neno pale pale, nyuma ya meno, zito, la siku ile ya pili asubuhi, kugonga kulipokoma. Alilitamani kuliko alivyowahi kutamani kitu. Angeweza kuling'oa. Mume wake alikuwa mchovu kiasi kwamba angelitoa, kisha asingeweza kumtazama mkewe usoni tena mpaka kufa.

"Leo siku gani?" akauliza.

"Sijui."

"Alhamisi. Inuka."

*

Walipanda bodaboda moja, mshikaki wa watu watatu, Paskazia katikati, mguu mmoja peku. Walifika saa nane wakiwa wekundu kama matofali. Benchi la chumba namba tisa lilikuwa na watu, na watu wale wakasogea, kwa kuwa kwenye benchi lile hakuna anayejiona bora kuliko mwenzake.

Loveness alitokeza mlangoni. Akamwangalia Nkwabi, akaangalia mguu wa Paskazia.

"Nilimwambia umehamishwa Geita," Paskazia akasema, mbele ya benchi zima. Alitaka kulisema kabla halijaota mizizi.

"Nilipiga simu."

"Niliiona."

Loveness akatikisa kichwa pole pole. Akasema na yeye ana kosa lake, siku ile alipaswa kumtafutia mama Eliya mtu wa kuongea naye, maana duara likiporomoka halimfukii aliye ndani peke yake. Akasema yuko mama mmoja mtu mzima, nesi mstaafu, huja Jumanne. Paskazia akasema atafikiria. Akauliza huyo mama anaitwa nani. Aliposikia ni Asteria aliridhika kidogo, kwa kuwa ni jina lisilo na mapenzi ndani yake.

Nkwabi alikuwa ameshafika mlangoni. Akasimama, mkono kwenye fremu. Akageuka.

"Ingia na wewe," akamwambia mkewe. "Kama unataka."

Alikuwa anampa. Mbele ya watu, mbele ya Loveness, alikuwa anampa kile kitu alichokiugulia wiki zote hizi. Na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayemkabidhi jambazi ng'ombe wa mwisho.

Paskazia akainuka. Akasogea hatua moja. Kisha akashika ukingo wa benchi, akakaa tena, na kukaa huko kulimgharimu kuliko ile mbio ya saa nzima.

"Maliza kwanza," akasema.

Mlango ukarudishwa nusu. Baada ya muda ikasikika sauti ya Nkwabi, nzito, ya chini, inakwenda bila kusimama kama maji ya pampu yanayotolewa shimoni. Maneno hayakusikika. Paskazia aliyekaa karibu na mlango alihama, akaenda mwisho wa benchi, akaangalia ukuta. Mara moja ile sauti ilikatika na mtu akalia, mwanaume, kilio kikavu cha mtu asiyejua kulia. Akauma upindo wa kanga. Hakuinuka.

Rhoda alikuwa amemwona tangu langoni. Alikuja na beseni lake la maandazi, akainama kwa huruma, akanong'ona kwa ile sauti yake ya kusikika mpaka chumba cha dawa.

"Afadhali mmekuja wote wawili, mwenzangu. Ni vizuri kujua mapema. Baba Eliya yuko wapi?"

"Yuko ndani na mwanamke," Paskazia akasema, akachukua andazi bila kuuliza bei. "Na akitoka kabla hajamaliza, namrudisha mimi mwenyewe."